Mvua ya Mama Beda

Fulgence aliniita kwa kidole. Mtu akikuita kwa kidole ofisini jua hajakuita kunywa chai.

"Kaa hapo, Dorine. Niambie unaona nini."

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mistari miwili ya kupanda na kushuka. Mwekundu ulikuwa wa satelaiti, wa bluu ulikuwa wa kipimamvua cha chini. Juu pameandikwa Msamala, mwaka jana. Kipimamvua cha Msamala kimesimama kwenye uwazi nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, na anayekisoma kila asubuhi na kututumia milimita kwa simu ni yeye mwenyewe.

"Haifanani," nikasema.

"Haifanani ni neno la adabu. Tazama mwezi wa pili kuingia wa tatu. Satelaiti inasema Msamala ilikuwa mvua ya kudonoadonoa. Mama yako anasema mbingu zilipasuka. Nani mwongo?"

"Si ulitufundisha mwenyewe kwamba satelaiti hukosea? Haioni mvua, inaona vichwa vya mawingu tu, halafu inakisia."

"Hukosea, ndiyo. Leo itazidisha, kesho itapunguza. Lakini hawa hawakukosea, hawa wamekataana. Siku satelaiti ina mvua, mama ana sifuri. Siku satelaiti haina kitu, mama ana mafuriko. Hivyo ndivyo inavyochorwa mvua ya mtu aliyekaa jikoni akajibunia."

Kutoka meza ya pili Nasrin akakohoa. "Bosi, sema polepole. Mkwe ana masikio mpaka ofisini."

"Najua ni mkwe wake. Ndiyo maana namwambia yeye na sikukuambia wewe."

"Basi mimi nimesikia bahati mbaya," akasema Nasrin, akaendelea kuchapa.

Kazi yetu kuieleza si ngumu. Tuna vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Mfaranyaki, juu ya duka la mabati. Satelaiti zimekuwa zikipiga picha mawingu ya mkoa huu tangu kabla sisi hatujazaliwa, na vipimamvua vya zamani, vya misheni na vya mashule, vina kadi za miaka mingi. Sisi tunazikutanisha hizo mbili. Kipimamvua kinajua ukweli wa uwanja mmoja, satelaiti inajua kidogokidogo kila mahali. Ukivioanisha vizuri, unapata rekodi ndefu ya mvua hata kwa kijiji ambacho hakijawahi kuona kipimamvua, na mkulima anaweza kuambiwa mvua za kupandia kwake huanza lini kweli, si kwa kubahatisha. Mimi naipenda kazi hii. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na mimba, tumbo limegusa dawati, na nilipoipata nilijiambia kwamba Hilda atakuja kusema mama yake aliandika mvua ya Ruvuma.

"Kituo kimoja kikidanganya," Fulgence alisema, "satelaiti inafundishwa uongo. Uongo wa Msamala unasambaa mpaka Namtumbo. Ijumaa ijayo tunaifunga rekodi. Nisipojua nini kilitokea, nakifuta kituo chote, tangu siku huyo mama alipokishika."

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini sitawaficha, kituo hakikuniuma sana wakati ule. Kilichoniuma ni kwamba saa ileile, Msamala, mwanangu alikuwa mikononi mwa mama huyo.

Kila asubuhi nampeleka Hilda kwa bibi yake, kila jioni namfuata. Na kila jioni naambiwa maneno yaleyale: "Amekula, amelala, hana neno." Sikuwahi kuyatilia shaka. Sasa nikaanza kuyageuzageuza kama mtu anayekagua nyanya za fungu, zile za chini. Mtoto gani kila siku hana neno? Juma lililopita nilimkuta ana mchubuko juu ya jicho, umeanza kukauka. Nikauliza. "Amejikuna," akasema Mama, akageukia sufuria yake. Na mimi nilikubali! Kucha za Hilda nazikata mwenyewe kila Jumapili.

Mtu anayeweza kubuni mvua ya miezi miwili, atashindwaje kubuni usingizi wa mchana?

Kesho yake saa ya chakula nilipanda bodaboda nikaenda Msamala bila taarifa. Nilishuka mbali kidogo ili injini isinitangulie. Mama alikuwa kibarazani anapukuchua maharage. Hilda amelala pembeni yake juu ya kanga, kinywa wazi, nzi hata mmoja hayupo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefuata nini saa hizi?"

"Nimesahau chaja."

Akanitazama mkononi. "Chaja si hiyo umeishika?"

Kweli nilikuwa nimeishika. Nikacheka kicheko cha kijinga, nikaingia ndani nikijifanya nataka maji. Kikombe cha uji cha Hilda kilikuwa kimeoshwa. Nikakinusa. Kikombe kilichooshwa kinaweza kuwa kilijaa uji, kinaweza pia kuwa hakikuguswa. Nilipotoka nikamkuta Mama ameacha maharage, ananitazama tu.

"Umekipenda kikombe?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa naangalia kama kina ufa."

Nikakaa. Nikaona bora niingilie kwa upande wa mvua. "Mama, hivi mwaka jana, mwezi wa pili na wa tatu, mvua ilikuwa nyingi?"

"Wapi?"

"Wapi tena? Hapa Msamala."

"Aa, hapa ilikuwa ya kubabaisha. Mahindi ya jirani yangu Chiku yalijikunja kama sigara. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Nilirudi kazini nikiwa nimeshika kiti cha bodaboda kwa mikono miwili. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mvua haikuwepo. Na huku namba zake zinasema ilimwagika. Ulitaka ushahidi gani tena?

Asubuhi iliyofuata sikupita Msamala. Nilimfunga Hilda mgongoni nikaenda naye ofisini. Mama alinipigia, sikupokea. Akapiga tena, nikaandika ujumbe: "Mtoto ana mafua kidogo, nitakaa naye." Hilda hakuwa na mafua yoyote, alikuwa anatafuna kebo ya kompyuta.

Jioni akapiga mume wangu, Beda, aliyekuwa Makambako na lori la mahindi. "Mama analia. Anasema umemnyang'anya mtoto. Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Sasa huo ndio ubaya wenyewe, Dorine! Ungemtukana angejua pa kuanzia."

"Beda, mama yako alituma mvua ambayo haikunyesha."

Nikasikia malori yakipita upande wake. "Mvua?" akasema. "Umemnyima mama yangu mjukuu kwa sababu ya mvua?"

Nilishindwa kumweleza. Kwenye simu ilikuwa inasikika kama wazimu, na kichwani mwangu ilikuwa imenyooka kabisa.

Siku ya tatu ya kumbeba mtoto ofisini, Nasrin alimchukua akamkalisha juu ya meza yake. Nasrin ni wa Tunduru, baba yake ana mikorosho, na mvua ikinyesha wakati mikorosho ina maua nyumbani kwao hawaongei. Kwa hiyo mambo ya mvua hayafanyii mchezo, ingawa mengine yote anayafanyia.

"Mchumba wangu huyu ana meno mangapi sasa? Alizaliwa lini vile?"

"Mwezi wa pili mwaka jana, mwanzoni. Mbinga, wakati Beda anafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa."

Nasrin akaacha kumtekenya mtoto. Akanyoosha mkono akavuta karatasi ya ule mchoro, akauweka ukucha wake wenye hina pale mstari wa bluu unapoanza kuruka.

"Wallahi, shoga. Bluu inaanza wazimu siku mbili baada ya wewe kujifungua. Mama mkwe alikuwa wapi?"

Alikuwa kwangu. Alipanda basi siku ileile aliyopigiwa simu, akakaa Mbinga mpaka arobaini ikapita na zaidi. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto hadi napiga kelele, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwogesha Hilda. Mgongo wangu unamkumbuka.

"Basi Msamala nani alikuwa anasoma?" akauliza Nasrin.

Hakuna mtu. Mzee Kajetani, baba mkwe wangu, aliyekisoma kipimamvua kile miaka na miaka, alikuwa amekwisha fariki. Nyumba ilikuwa imefungwa kufuli. Na ujumbe wa milimita uliingia kila siku, bila kukosa hata mmoja.

Fulgence alisikiliza akiwa amesimama. Hakufurahi, nitamsema kwa haki. "Pole, Dorine. Inatosha. Nafuta."

"Nipe mpaka Jumatatu," nikasema. "Nimwambie mwenyewe kwanza. Asije akasikia kwa watu."

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia ya Msamala inateleza. Nilikwenda na Hilda mgongoni, kwa sababu sikuwa na pa kumwacha, na njiani nilipanga maneno kama wakili. Mama alinipokea mlangoni. Hakuuliza mafua. Alimtazama tu mtoto, mikono yake ikajiinua nusu, halafu akaishusha.

"Mama," nikaanza hata kabla ya kukaa, "mwaka jana ulipokuwa kwangu Mbinga, namba za mvua ya Msamala ulizitoa wapi?"

"Nilipima."

"Ulipimaje na ulikuwa Mbinga?"

"Nilipima hukohuko."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kipimamvua. Mama Hilda, una homa?"

Nikamtazama. Hakuwa na sura ya mtu aliyekamatwa. Alikuwa na sura ya mtu anayemwonea huruma mwenzake.

"Nilikichomoa," akasema polepole, kama anamfundisha mtoto. "Kopo, mdomo wake, chupa ya ndani na ile glasi ya kupimia. Nikavifunga kwenye kanga, nikapanda navyo basi. Kondakta alidhani nimebeba mtambo wa gongo. Nikakisimika nyuma ya jiko lako, mbali na mti kama marehemu alivyonionyesha. Kila asubuhi saa tatu, nikishakukanda, naenda kusoma. Kwani hukukiona?"

Nilikuwa nimeliona lile kopo dirishani, nikadhani ni la nepi.

"Lakini kwa nini, Mama?"

"Si mlisema nyie? Alipofariki Kajetani walikuja wale wa mradi wako, kabla wewe hujaanza, wakaniambia: Mama Beda, kazi hii ni moja tu, usiruke hata siku moja. Nami nikaapa. Sasa mjukuu wangu wa kwanza anazaliwa Mbinga. Nikienda nikikiacha, nimeruka. Nisipokwenda, utakandwa na nani? Nikafikiri mpaka asubuhi. Nikaona nitakwenda nacho, na hakuna siku itakayorukwa." Akainua kidevu. "Na haikurukwa."

"Mama, ile ilikuwa mvua ya Mbinga. Kule ni milimani! Ungesema basi ni ya Mbinga."

"Hawakuuliza wapi. Wao huuliza milimita tu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kifua kilikuwa kinanifunguka kama mlango uliovimba kwa unyevu. Hakubuni. Kila namba ilikuwa mvua ya kweli, imeanguka kweli, imesomwa kweli na mwanamke ambaye mikono yake ilikuwa bado na joto la maji ya kunikanda. Nilianza kuifungua mbeleko nimpe mjukuu wake. Halafu kitu kikanishika mkono. Mashaka ni kama moshi wa kuni mbichi, hata moto ukikolea yanabaki kwenye nguo.

"Na mchubuko wa Hilda?" nikauliza. "Ule wa juu ya jicho. Alijikuna kweli?"

Hapo ndipo sura yake ilipobadilika. Kile nilichokitafuta kwenye mvua nikakiona hapo.

"Hapana," akasema.

Nikangoja.

"Alianguka kizingitini. Nilimwacha mlangoni, nikaenda nyuma kusoma kipimamvua. Kidogo tu. Nikasikia puu." Akajifuta uso na pindo la kanga. "Nikakudanganya."

"Kwa nini, Mama? Mtoto anayeanza kutembea huanguka. Ningeelewa."

"Ungeelewa?" Sauti yake ikapanda kidogo. "Wewe ukishuka kwenye bodaboda unamkagua mtoto kabla hujaniamkia. Unamgeuza mbele, unamgeuza nyuma, kama mnunuzi wa kuku. Unanusa vikombe vyangu. Watu wa mvua nikiwaambia sifuri hawanikasirikii, wanaandika sifuri. Wewe kila siku nakutafutia maneno ya kukupendeza. Nakuogopa, mwanangu. Nimezaa sita, na nakuogopa wewe."

Nyuma ya nyumba jogoo wa Chiku aliwika, na Hilda mgongoni akaanza kurusha miguu akitaka kushuka. Nikamshusha chini, kati yetu. Alisimama, akayumba, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaenda kwa bibi yake. Niliumia kidogo. Bibi hakumbeba. Alinitazama kwanza.

"Mbebe, Mama," nikasema.

Jumatatu nilimfikia Fulgence mezani kwake kabla hajavua koti. Nikamwomba achore kitu kimoja: mstari wa bluu wa siku zile, na pembeni yake satelaiti ya Mbinga badala ya Msamala.

"Kwa nini Mbinga?"

"Chora kwanza, bosi."

Akachora. Haikulingana sawasawa, haijawahi kulingana mahali popote. Lakini ilipanda pamoja na kushuka pamoja, kama watu wawili wanaofahamiana wakipanda kilima, mmoja mbele kidogo, mwenzake nyuma. Nasrin alisogea na kiti chake mpaka kikalia. Nikawaeleza habari ya kanga na basi. Nasrin alicheka hadi akashika ukuta. Fulgence hakucheka.

"Kwa hiyo alisafirisha kituo."

"Ndiyo."

"Na nitajuaje kama hakukisafirisha mara nyingine?" Mtu huyu kuamini kwake hakuji haraka, na kazi yake inamtaka awe hivyo. "Mpigie. Weka sauti."

Mama alipokea. Fulgence akamwamkia vizuri, halafu akauliza kama kipimamvua kimewahi kwenda mahali pengine.

"Kimekwenda Peramiho," sauti ya Mama ikajaa chumba. "Harusi ya binti wa Chiku. Tulilala."

Fulgence akafunga macho. "Pengine?"

"Hapana. Kwenye misiba ya hapahapa mtaani nakiacha, narudi kusoma, narudi msibani."

"Mama, nisikilize. Mvua ya Msamala ikae Msamala. Ukisafiri, kiache palepale, utume ujumbe useme haupo."

"Hiyo si kuruka?"

"Ni kuruka. Kuruka si dhambi, Mama. Siku ikikosekana, sisi tunajua imekosekana, satelaiti itatusaidia kuikisia. Siku ikihamishwa, hatujui chochote."

Mama akaguna: "Mngesema hivyo tangu mwanzo, nisingebeba kopo zito namna ile."

Fulgence aliziondoa siku za Mbinga na za Peramiho, akaziacha wazi kwenye rekodi. Kituo kikabaki. Lakini aliweka alama ya njano kwenye jina lake, na akaniambia bila kuficha kwamba atakichungulia kila mwezi kwa mwaka mzima. "Simchukii mama yako," akasema. "Namwangalia tu." Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nilikuwa na jambo la kuangalia.

Jumanne nilimpeleka Hilda Msamala. Nilimwamkia Mama kwanza, mtoto akiwa bado mgongoni, ndipo nikamshusha. Sikumgeuza. Ilinigharimu, msidhani haikunigharimu. Nikasema, "Mama, jioni uniambie kama unavyowaambia wale wa mvua. Kilichoanguka ndicho uniambie."

Aliendelea kumfuta Hilda kamasi.

Mchana ule nilishika simu mara nyingi kuliko nilivyoshika kazi. Nasrin akaninyang'anya akaifungia kwenye droo yake. Jioni nilikwenda kwa miguu, makusudi, nisifike na pupa. Nilimwamkia Mama, nikakaa kwenye kigoda, nikaweka mikono yangu magotini ili isiende kwa mtoto.

Mama akajiweka sawa, akaangalia mbele kama mtu anayesoma kitu kilichosimikwa mbali.

"Uji wa asubuhi ameutema wote. Wa mchana amemaliza nusu. Ameanguka mara moja, kwa makalio, kwenye majani. Amekula udongo, nimeutoa kwa kidole ila mwingine umekwenda. Amelala kidogo sana, kwa hiyo usiku utakoma." Akanyamaza, nikadhani amemaliza. "Na ulipoondoka alilia. Halafu akakusahau."

Hilo la mwisho lilinichoma. Nilimtazama usoni nione kama amelisema kwa kunikomoa. Sikuweza kujua.

"Asante, Mama," nikasema. "Na kesho?"

"Kesho haijanyesha," akasema, akanipa mtoto.